Rekodi ya Jirani

Desemba iliyopita nilishuka matatu Webuye nikiwa nimevaa tisheti ya Beatles. Nilikuwa nimeinunua Gikomba kwa shilingi mia moja na hamsini: nyeusi, zile nyuso nne mbele zimeanza kufifia. Nikapanda boda hadi kwetu Matulo, nikamkuta Kuka ameketi chini ya mwembe, redio pembeni, fimbo kati ya magoti. Tulipomaliza salamu akanitazama kifuani kwa muda.

"Kuka," akaniita, maana kwetu babu na mjukuu huitana jina moja, "hao vijana ni wa wapi?"

Nikaona leo nimepata wa kumfundisha. Nikamweleza kuhusu Liverpool, kuhusu mashabiki waliozimia uwanjani, kuhusu sisi pale chuoni Nairobi, watu wa miaka ishirini na kitu, tunaokesha tukisikiza nyimbo zilizotoka kabla mama zetu hawajazaliwa. Nikamwambia hakuna bendi nyingine ya miaka ya 60 ambayo bado inapendwa hivyo. Kuka alinisikiza mpaka mwisho, vile anavyosikiza taarifa ya habari. Kisha akasema, "Mimi bendi ya Wazungu ninayoijua ya siku hizo ni moja tu. Tremeloes. Hao waliimba wimbo wetu."

Sikuwa nimewahi kusikia jina hilo. Nikadhani ni mambo ya uzee. Usiku nikatembea hadi kwenye kichuguu nyuma ya boma, mahali pekee neti hushika vizuri, nikatafuta. Kuka alikuwa sahihi. Na hadithi ilikuwa kubwa kuliko alivyoijua yeye mwenyewe.

*

Tarehe 1 Januari 1962, Beatles walifika kwenye studio za kampuni ya Decca, West Hampstead, London, kufanyiwa majaribio. Walipiga nyimbo 15. Siku hiyohiyo kikundi kingine kilijaribiwa palepale: Brian Poole and the Tremeloes, vijana wa Dagenham, pembeni mwa London. Decca ilitaka kikundi kimoja tu. Ikawachukua Tremeloes, na moja ya sababu ilikuwa kwamba wao walikaa karibu. Beatles wakarudi kwao mikono mitupu. Mpaka leo uamuzi huo hutajwa kila watu wanapozungumza juu ya kampuni iliyotupa almasi ikaokota changarawe.

Lakini changarawe nayo ilikuwa na bahati yake. Poole aliondoka mwaka 1966, wenzake wakaendelea bila yeye, na 1967 wimbo wao "Silence Is Golden" ukafika nambari moja Uingereza. Mwaka uliofuata wakatoa wimbo wenye jina la ajabu: "Helule Helule". Ulipanda hadi nambari 14. Maneno ya Kiingereza waliyatia wao wenyewe, Alan Blakley na Len Hawkes, lakini wimbo wenyewe haukuzaliwa Dagenham. Ulizaliwa Nairobi. Mtunzi wake ni Daudi Kabaka.

Hebu fikiria. Wale waliowashinda Beatles siku ya Mwaka Mpya, miaka sita baadaye walikuwa wanatafuta wimbo wa kuwapeleka kwenye chati, na wakaupata kwa mwana wa Mluhya.

Sitasema kwamba sikumjua Kabaka. Mkenya gani hamjui? Ukikua na redio ya KBC nyumbani, "Harambee Harambee" utaijua kabla hujajua kufunga kamba za viatu. "African Twist" utaisikia kwenye harusi, "Msichana wa Elimu" kwenye matanga, na "Pole Musa" kwenye matatu ya mzee fulani anayekataa kubadilisha stesheni. Nilimjua Kabaka vile unavyojua rangi ya ukuta wa ofisi ya chifu: ipo miaka yote, lakini hujawahi kuiangalia. Nilikuwa nimesafiri kwa masikio hadi Liverpool kutafuta bendi ya miaka ya 60 ilhali moja ilikuwa inapigwa jikoni kwa Kukhu kila Jumapili.

*

Bendi hiyo ilikuwa na jina: Equator Sound Band. Ilikuwa bendi ya studio, yaani wanamuziki waliokaa pamoja kurekodi chini ya kampuni moja ya Nairobi, Equator Sound Studios, iliyoendeshwa na Mzungu mmoja aitwaye Charles Worrod. Leo wimbo anaimba huyu, kesho anaimba yule, na waliobaki wanampigia. Ndiyo maana majina yao tunayajua mmoja mmoja lakini jina la bendi limetupotea.

Waangalie walikotoka. Daudi Kabaka alizaliwa mwaka 1939 Kyambogo, Uganda, wazazi wake wakiwa Waluhya wa Kenya. Fadhili William alikuwa Mtaita. Gabriel Omolo alikuwa Mjaluo. Nashil Pichen na Peter Tsotsi walitoka Zambia, na walipokuwa wakianza safari yao ya muziki nchi hiyo bado ilikuwa ikiitwa Northern Rhodesia. Watu hao wangeongea lugha gani wakiwa studio? Kila mmoja alikuwa na lugha ya mama yake, na hakuna lugha ya mama iliyotosha wote. Wakakutana kwenye Kiswahili, Kiswahili cha bara, cha soko na kituo cha reli, ambacho mwalimu wa sarufi angekitia wino mwekundu kila mstari.

Muziki nao ulikutana vivyo hivyo. Wazambia walikuja na kwela, ule mtindo wa mitaa ya Afrika Kusini uliopulizwa kwa filimbi za bati. Kutoka Marekani kulikuja twisti, baada ya Chubby Checker kuifanya dunia nzima ikung'ute kiuno kuanzia 1960. Kutoka Kongo kulikuwa na rumba, na pia kumbukumbu ya Jean-Bosco Mwenda, fundi wa gitaa kavu wa Katanga ambaye vijana wa huku kwetu walijifunza vidole vyake nyuzi kwa nyuzi. Kutoka Magharibi mwa Kenya kulikuwa na omutibo, gitaa la mtu mmoja na chupa ya Fanta inayogongwa kwa chuma, mtindo ambao George Mukabi wa Kakamega aliupandisha juu kabla hajauawa mwaka 1963. Kabaka alichukua twisti, akaitia kwenye mwendo huu wa nyumbani, na watu wakamwita mfalme wa twisti. Hakuwa peke yake: John Nzenze na "Angelike" yake alikuwa kwenye barabara hiyohiyo.

Ukitaka kujua kwa nini nyimbo hizo hazizeeki, usianze na kumbukumbu, anza na mikono. Gitaa la juu linatembea kwa noti chache zinazojirudia, kama mtu anayepiga mluzi akienda kisimani. Gitaa la pili linakatakata chini yake. Besi inaweka mguu mmoja mbele ya mwingine. Sauti mbili zinaimba pamoja, moja juu ya nyingine, kwa ukaribu ule ambao watu wawili waliosimama mbele ya maikrofoni moja lazima wawe nao. Hakuna kitu cha ziada. Upande mmoja wa rekodi ndogo ya siku hizo ulibeba kama dakika tatu hivi, kwa hiyo hadithi lazima ianze mara moja na iishe kabla sindano haijafika katikati. Na kwa kuwa wote walirekodi kwa mkupuo, mmoja akikosea wote walirudi mwanzo. Ule uhai unaousikia ni wa watu walioshika pumzi pamoja wasimharibie mwenzao.

Halafu hadithi zenyewe. Kuna msichana aliyesoma, kuna fedha iliyokwisha, kuna safari ya gari moshi, kuna rafiki aliyepatwa na jambo na anaambiwa pole. Omolo baadaye, miaka ya 70 na bendi yake ya Apollo Komesha, alitoa "Lunchtime", kuhusu wafanyakazi wa mjini ambao saa ya chakula ikifika hawana cha kula, basi wanajifanya wanatembea, wanaangalia vitu vya madukani, wanalala kwenye nyasi za bustani mpaka saa nane. Nenda Uhuru Park au Jeevanjee leo saa saba mchana. Wako pale. Wengine wana digrii.

*

Kesho yake asubuhi nilimwambia Kuka nilichokipata. Hakushangaa kuhusu Decca. Alichotaka kunieleza ni siku aliyousikia wimbo ule kwa Kiingereza.

Mwaka 1968 alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la mahindi la Mzungu upande wa Kitale. Vijana wa kambi walikuwa wanauimba "Helule Helule" ya Kabaka wakivuna, wakipukuchua, wakienda mtoni. Jioni moja alikuwa amepeleka funguo za trekta nyumba kubwa, akasikia redio ya bwana kupitia dirishani. Wimbo ni uleule, lakini sauti si zile. "Nilisimama," akasema. "Nilidhani tumeibiwa. Kisha nikafikiria, hapana, mtu haibi kitu kisicho na thamani. Nikarudi kambini nikawaambia wenzangu: Wazungu wanacheza wimbo wetu. Hakuna aliyeniamini."

Nikamuuliza kwa nini anasema "wetu". Yeye ni Mbukusu, Kabaka si Mbukusu. Akanitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini mvua ni ya watu wote. Pale kambini, akasema, kulikuwa na Wabukusu, Wasabaot, Waturkana, Wakikuyu, Wateso. Wimbo wa kwetu mwingine asingeuelewa, wa kwao sisi tusingeuelewa. Rekodi za Kabaka ziliingia kila nyumba kwa mlango wa mbele.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kile ambacho nimekuwa nikikitafuta. Huwa tunasema nyimbo hizi zinadumu kwa sababu zilikuwa za wakati mzuri. Hata jina tulilozipa, zilizopendwa, ni kama maandishi ya kaburini: zilipendwa, wakati uliopita, amina. Lakini wakati wenyewe haukuwa mzuri kiasi hicho. Pio Gama Pinto alipigwa risasi Nairobi Februari 1965. Tom Mboya aliuawa Julai 1969. Oktoba ya mwaka huo watu walipigwa risasi Kisumu, na chama cha KPU kikapigwa marufuku. Kaskazini kulikuwa na vita vya Shifta. Kuka mwenyewe alilala kwenye nyumba ya matope kwenye shamba la mtu mwingine. Hao wanamuziki hawakuimba peponi. Walifanya jambo dogo na gumu zaidi: ndani ya wakati mbaya walitengeneza dakika tatu ambazo mtu wa kabila lolote angeweza kuingia bila kubisha hodi.

Miaka ya 70 mambo yaligawanyika. Bendi za Kongo na Tanzania zilijaa Nairobi na nyimbo ndefu za rumba. Benga ikachipuka, D.O. Misiani na Shirati Jazz wakiongoza kwa Kijaluo, na kila lugha ikapata mafundi wake: Kikuyu, Kikamba, Kiluhya chetu pia. Sisemi hili kwa kulalamika. Benga ni mali, na mtu ana haki ya kulia kwa lugha ya mama yake. Ila kile chumba cha katikati, ambapo Mzambia na Mtaita na Mluhya walishiriki maikrofoni, hakikujaa tena vile. Pichen, Tsotsi na Kabaka waliendelea pamoja kama African Eagles. Them Mushrooms walikuja miaka mingi baadaye wakazipiga upya nyimbo nyingi za siku hizo, na harusi zetu zikapata kitu cha kuchezea. Chumba chenyewe, lakini, kilibaki kwenye santuri.

*

Kuna deni pia, na sisi watoto wa YouTube tumo ndani yake.

Chukua "Malaika". Fadhili William aliirekodi mwanzoni mwa miaka ya 60 na Jambo Boys, kisha tena chini ya Equator. Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte waliiweka kwenye albamu yao ya pamoja, ambayo ilishinda tuzo ya Grammy. Mwaka 1981 Boney M. wakaitoa. Dunia nzima ikaijua. Na bado mpaka leo watu wanabishana nani aliitunga. Adam Salim wa Tanzania ni mmoja wa waliosema ni yao, na Fadhili alishikilia ni yake hadi mwisho. Siwezi kuamua kesi hiyo nikiwa juu ya kichuguu. Ninachojua ni kwamba wimbo ulisafiri mbali sana kuliko hela zake.

Fadhili William alifariki Februari 2001. Daudi Kabaka akamfuata Novemba ya mwaka huohuo. Sheria ya Hakimiliki tunayoitumia Kenya inabeba mwaka huo huo kwenye jina lake: 2001. Sheria hiyo inatenganisha vitu viwili ambavyo sisi tunavichanganya. Kuna wimbo, yaani utunzi, ambao unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Na kuna rekodi, ile sauti iliyonaswa, ambayo inalindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Hesabu ni rahisi. Sauti ya Kabaka iliyonaswa mwaka 1966 ilitoka kwenye ulinzi mwisho wa 2016. Lakini utunzi wake una mwenyewe mpaka mwisho wa 2051. Kwa hiyo wewe prodyuza wa Rongai au Kayole unayekata vipande vya zilizopendwa na kuviweka chini ya biti yako, jua kwamba unagusa kitu chenye mwenyewe. Piga simu. Uliza. Na hata kama huna hela, andika jina lake. Tremeloes waliandika jina la Kabaka kwenye rekodi yao, mwaka 1968, wakiwa London. Sisi tunashindwa kuliandika chini ya video.

*

Nilimwomba Kuka anionyeshe kama ana rekodi yoyote ya siku hizo. Alinyamaza kidogo, akaingia ndani, akatoka na lile sanduku la bati ambalo hatukuruhusiwa kuligusa tukiwa watoto. Ndani kulikuwa na hati ya shamba, kitambulisho cha zamani, kadi za kliniki za watoto wake, na chini kabisa, ndani ya bahasha ya kaki, rekodi moja ndogo yenye tundu kubwa katikati. Lebo ilikuwa imechakaa, lakini jina la Kabaka lilisomeka, na jina la wimbo pia.

Nikataka kupiga kelele. Kuka akainua mkono.

"Hii si yangu," akasema.

Ilikuwa ya jirani. Baada ya miaka ya trekta, Kuka alinunua ekari chache Saboti, chini ya Mlima Elgon, akajenga, akapanda mahindi. Jirani yake wa mpakani alikuwa Msabaot. Walilima kwa zamu, wakakopeshana mbegu na ng'ombe wa kulimia, na Kuka alikuwa na kinanda cha betri ilhali jirani alikuwa na rekodi, kwa hiyo walihitajiana. Krismasi ya 1991 Kuka aliazima rekodi hii. Alitaka kuirudisha Januari. Ikawa wiki hii, ikawa wiki ijayo. Akaiweka kwenye sanduku la stakabadhi ili watoto wasiivunje.

Kisha vita vikaja. Mwaka 1992, nchi ikielekea uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya 60, vita vya kikabila vilienea Trans Nzoia na sehemu za Bungoma zilizo karibu na mlima. Usiku mmoja familia ya Kuka iliondoka Saboti kwa miguu. Walibeba watoto, blanketi, na sanduku la bati kwa sababu ya hati ya shamba. Kinanda kilibaki. Ng'ombe walibaki. Ndivyo tulivyokuwa watu wa Matulo tena, kwenye ardhi ya ukoo. Mama yangu alikuwa msichana wakati huo. Hajawahi kunisimulia usiku ule, nami sijawahi kumuuliza.

"Jirani yako alikuwa wapi usiku ule?" nikamuuliza Kuka.

Alichukua muda kujibu. "Sijui," akasema. "Miaka zaidi ya thelathini nimejiuliza. Kuna siku naona alikuwa amejificha kama sisi. Kuna siku naona vingine. Lakini rekodi ni yake."

Miaka yote hiyo alikuwa ameshika santuri ambayo hawezi kuicheza, ya mtu ambaye hajui kama ni rafiki au la. Kila "Helule" ikipigwa redioni, mimi nilisikia mziki wa wazee. Yeye alisikia swali.

*

Tulienda wiki ya kwanza ya Januari. Matatu ya Kitale kutoka Webuye: Misikhu, Kamukuywa, Kiminini. Kuka alikaa dirishani, bahasha ya kaki mapajani. Tulibadilisha gari Kitale. Kwa mbali mlima ulikuwa umejifunika mawingu. Nilikuwa nimeacha tisheti ya Beatles nyumbani, si kwa kuikataa, bado naipenda. Niliona tu haikuwa siku yake.

Jirani alikuwa amefariki miaka mingi iliyopita. Aliyetupokea ni mjane wake, mama mzee mwenye macho makali. Nilimsalimia "Kogo" kwa heshima ya kwao. Alimtambua Kuka kabla hajajitaja. Hakutabasamu, hakukasirika. Alituonyesha viti.

"Mlienda bila kuaga," akasema.

"Tulienda bila kuaga," Kuka akajibu.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Nilisikia kuku nje. Nilikuwa nimejiandalia hotuba kichwani kuhusu Kiswahili na umoja na chumba cha katikati, na nashukuru Mungu mdomo wangu ulikauka. Kuka akatoa rekodi kwenye bahasha, akaipokeza kwa mikono miwili.

"Hii ni yake. Niliichukua Krismasi."

Mama akaisogeza karibu na macho. Akapitisha kidole kwenye lebo, kwenye pembe ambapo mumewe alikuwa ameandika herufi za jina lake kwa kalamu ya wino. "Aliitafuta hii," akasema. "Aligombana na mimi. Alisema nimewapa watoto wakaichezea."

Kisha akaniuliza kama simu yangu inaweza kuimba, kwa sababu nyumba ile haikuwa na kinanda tangu zamani. Neti ilikuwa moja, inakuja na kuondoka. Nikaupata wimbo, wa Kabaka, si wa Tremeloes, nikaiweka simu ndani ya kikombe kitupu ili sauti itoke. Gitaa likaanza kupiga mluzi. Sauti mbili zikaingia.

Kuka aliimba kwa chini, akiangalia sakafu. Mama hakuimba mwanzoni. Alianza kati, pale sauti ya pili inapoingia, na hakukosea hata neno. Neti ikakatika kabla wimbo haujaisha. Nikainuka nitafute mahali pazuri mlangoni, lakini wao hawakungoja simu. Waliumaliza wenyewe.

Alitupikia chai. Hakuna aliyeuliza swali la ule usiku, na sijui kama litaulizwa siku moja. Tulipoondoka alitusindikiza hadi barabarani, akamwambia Kuka, "Sasa usikae tena miaka thelathini." Rekodi ilibaki mezani, juu ya kitambaa, bila kinanda cha kuichezea.